Neno "Rashi" katika Ukanda wa Dhahabu: Maana, Matumizi na Nafasi Yake katika Istilahi

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kukuza istilahi imekuwa na njia yake iliyozoeleka. Neno la Kiingereza huletwa mezani, hupimwa, hutafutiwa mwenzake wa Kiswahili, kisha orodha hupelekwa kwa watumiaji. Njia hiyo imelifaa taifa. Hata hivyo yapo maneno ambayo hayakungoja kuitwa mezani. Yaliingia nchini kwa mlango wa kazi, yakajifunza sarufi yetu, yakapata maana ambazo kamusi ya Kiingereza haizitaji, na leo yanatumiwa na watu wengi ambao hawajapata kufungua kamusi yoyote.

Katika makala haya twakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, nalo ni "rashi", lisikikalo katika machimbo ya Geita na katika sehemu za Shinyanga, hasa Kahama. Asili yake ni neno la Kiingereza 'rush', ambalo kwa maana ya kukimbilia dhahabu lilianza kuwa neno la mitaani na la kambini kabla ya kuwa neno la vitabu. Tutaeleza jinsi linavyotumika, tutaifuata historia yake, kisha tutauliza kama istilahi "mfumuko", itumikayo sasa katika taarifa nyingi za serikali, inatosha kushika mahali pake.

Matumizi matatu

Mwanafunzi wa sekondari akilitafuta neno 'rush' katika kamusi ya Kiingereza, ataambiwa kuwa ni haraka, au shughuli nyingi kwa wakati mmoja, au kwenda kwa kasi. Akiendelea kusoma atakuta pia kuwa ni mmea uotao penye majimaji, jamii ya matete. Akiwa na maana hizo kichwani, akifika Nyarugusu au Rwamgasa akasikia watu wakisema "rashi", atadhani wanazungumzia mwendo wa haraka tu. Atakuwa ameshika mkia wa neno na kuuacha mwili.

Matumizi ya kwanza ni ya tukio. Mtu akisema "Kumetokea rashi," anaarifu kuwa dhahabu imeonekana mahali ambapo haikutazamiwa, aghalabu katika shamba la mtu au pembeni mwa mlima, na kuwa watu wameanza kumiminika. Habari hizo huenda mbio kuliko barua yoyote. Siku chache hazipiti kabla hawajafika wachimbaji, wenye mitaji ya kugharimia maduara, wenye karasha za kusagia mawe, mama lishe, wauza maji na wauza zana.

Matumizi ya pili ni ya mahali. "Kijana wangu yuko rashi," atasema mama mmoja, naye hasemi kuwa kijana ana haraka. Anataja mahali, kama vile mtu anavyosema yuko shamba au yuko mjini. Hapa neno halihitaji hata kiambishi cha mahali, ingawa Kiswahili kinaruhusu kabisa kusema "rashini".

Matumizi ya tatu ni ya hali, nayo ndiyo yanayomsumbua zaidi mwana istilahi. Wachimbaji hutofautisha rashi na mgodi. Mgodi una mwenyewe anayejulikana, una leseni, una mipaka iliyopimwa. Rashi ni hali ya kabla ya hapo: watu wamekwisha kuchimba, lakini haki za kila mmoja bado zinajadiliwa. Yupo mwenye shamba, ambaye mahindi au pamba yake imekanyagwa. Wapo wenye maduara waliotangulia kufungua mashimo. Wapo wanaoshuka chini kwa nguvu za mikono yao. Mara nyingine yupo mtu mwenye leseni ya eneo lote, ambaye hakuwa akionekana hapo zamani. Ipo serikali ya kijiji, na yupo ofisa wa madini anayekuja kuweka usimamizi. Mifuko ya mawe ikipandishwa juu, swali la kwanza ni la mgawo: mifuko mingapi kwa nani. Mtu akisema "Hapa bado ni rashi," anamaanisha kuwa utaratibu wa kudumu haujawekwa, na kwamba mgawo uliopo ni wa muda.

Neno hilo moja, basi, hubeba tukio, mahali na hali ya haki za watu.

Safari ya neno katika Kiingereza

Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa neno hili kina asili katika Kifaransa cha kale, ambamo kilikuwa na maana ya kufukuza au kurudisha nyuma. Baadaye kilipata maana ya kwenda mbele kwa nguvu. Maana yake ya machimbo ilipata nguvu katikati ya karne ya 19. Dhahabu ilionekana California mnamo Januari 1848, na mwaka uliofuata makundi makubwa ya watu yalielekea huko kwa meli na kwa miguu. Mwaka 1851 ilionekana katika makoloni ya Australia ya New South Wales na Victoria, na wachimbaji wengi waliotoka California wakavuka bahari wakiwa na zana zao na lugha yao.

Ni katika Australia ambako neno hili lilipevuka. Wachimbaji wa Victoria hawakulitumia kwa tukio peke yake. Waliita "rush" mahali penyewe palipochimbwa, kambi na mashimo na maduka yake. Mtu alikuwa akitoka katika rashi moja na kuhamia nyingine. Aidha, neno lilihusiana na haki. Mchimbaji alitakiwa kulipa ada ya leseni kila mwezi, apate dhahabu au asipate, na chuki iliyotokana na leseni hiyo ndiyo iliyoleta mapigano ya Eureka, karibu na Ballarat, mnamo tarehe 3 Desemba 1854.

Kutoka huko twafika Afrika Kusini. Mwaka 1871 almasi ilionekana katika kilima kimoja kilichokuwa katika shamba la ndugu wawili walioitwa De Beer. Watu wakamiminika, na kambi iliyozuka hapo wakaiita "New Rush", yaani Rashi Mpya. Huo ni ushahidi usio na shaka kuwa neno lilikuwa jina la mahali. Lakini jina hilo halikudumu. Mwaka 1873 mji ulipewa jina jipya la Kimberley, kwa heshima ya waziri wa makoloni wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba waziri huyo hakupendezwa na majina yaliyokuwa yakitumika huko, akitaka majina yenye adabu na yanayoeleweka.

Msomaji wa Shinyanga ana sababu ya pekee ya kukumbuka kisa hicho. Mwamba wenye almasi uliochimbwa katika mji ule ulikuja kuitwa kimbalaiti kwa jina la mji. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aliugundua mwamba wa aina hiyo hiyo huko Mwadui. Jina la mwamba wa Mwadui, kwa hiyo, limetokana na mji ambao kwanza uliitwa Rashi Mpya.

Katika Kiingereza cha leo matumizi mengi kati ya hayo yamekufa. Mwingereza hasemi kuwa ndugu yake yuko "rush". Kwake neno limebaki katika vitabu vya historia, likitaja California, Klondike na mahali pengine pa zamani. Wachimbaji wa Geita, bila kufundishwa na mtu, wanalitumia karibu kabisa na jinsi wachimbaji wa Victoria walivyolitumia miaka mia moja na sabini iliyopita. Twaona sababu yake ni kazi. Mahali ambapo watu bado hukimbilia dhahabu kwa mikono, na bado hubishana juu ya leseni na mgawo, hapo neno linahitajika kwa maana zake zote.

Mwadui na Geita: uzio na rashi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini neno hili halikuota mizizi Mwadui kwanza, ambako almasi iligunduliwa na kuvuta macho ya dunia. Jibu limo katika historia ya uzio. Williamson aliishika haki ya eneo lake mapema na kulijengea mgodi wenye mji wake, ulinzi wake na mipaka yake. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ukapita mikononi mwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa nusu kwa nusu. Watu hawakupata nafasi ya kumiminika juu ya mwamba. Waliobaki nje, kuelekea Maganzo na vijiji vya jirani, walitafuta almasi pembezoni, na baadhi yao walipita ndani kwa siri. Hao wakapewa jina la "wabeshi". Jina hilo lamtaja mtu kwa kuvuka mpaka wa mwingine, wakati ambapo rashi hutaja mahali pasipo mpaka bado. Lugha ya machimbo, basi, iligawanyika kwa kufuata uzio.

Upande wa dhahabu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kusini mwa nchi, huko Lupa katika Chunya, dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata walifika wachimbaji wengi wa Kizungu waliosema Kiingereza cha machimbo, pamoja na maelfu ya Waafrika waliofanya kazi mashimoni. Huko Geita mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Milango ya Kiingereza cha machimbo ilikuwa wazi katika sehemu zote mbili. Mlango wa tatu ulikuwa ofisi za madini, ambamo Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya majalada hata baada ya Uhuru.

Mgodi wa Geita ulipofungwa, dhahabu haikuisha ardhini. Bei yake katika soko la dunia, iliyokuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi, ilifunguliwa baada ya mwaka 1971, na mnamo Januari 1980 ilifikia dola 850. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ikawapa wananchi nafasi ya kuomba haki ndogo za uchimbaji, na kuanzia mwaka 1990 Benki Kuu ikanunua dhahabu kwa bei iliyowavutia wachimbaji. Mashimo yakaongezeka kuizunguka Geita na Kahama. Huko Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wengi mno hadi walipoondolewa mnamo Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa hapo mwaka 2001. Kisa hicho chakumbusha ile maana ya kale ya Kifaransa, ya kufukuza. Rashi nyingi zimeishia kwa watu kuondoka, ama dhahabu ikiwa imekwisha, ama mwenye leseni akiwa amefika.

Sheria ya mwaka 1998 ilianzisha leseni ndogo ya uchimbaji kwa ajili ya Watanzania, na mnamo Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Mchimbaji ambaye hapo zamani aliitwa haramu katika taarifa za serikali alianza kuitwa mchimbaji mdogo. Majina yakibadilika hivyo, haki nazo hubadilika. Kwa sababu hiyo hatuwezi kulitazama jina la rashi kama jambo la mapambo.

Je, "mfumuko" unatosha?

Katika taarifa za serikali juu ya machimbo, 'rush' imepewa tafsiri ya "mfumuko", kama katika "eneo la mfumuko wa dhahabu". Istilahi hii ina sifa zake. Ni ya Kiswahili, ni fupi, na imetokana na kitenzi kinachojulikana. Haifai kudharauliwa. Lakini tunaona ina dosari tatu.

Dosari ya kwanza ni mgongano. Kwa mwananchi wa kawaida "mfumuko" ni mfumuko wa bei. Mkulima akisomewa tangazo kuwa shamba lake limo katika eneo la mfumuko, huenda akatazamia habari za bei ya mbolea.

Dosari ya pili ni maana ya kitenzi chenyewe. Kufumuka ni kuachana kwa kilichosukwa au kilichoshonwa. Mshono hufumuka, mkeka hufumuka, na mkutano ukifumuka watu hutawanyika. Rashi ni kinyume chake, kwa kuwa watu hukusanyika. Mtetezi wa istilahi anaweza kusema kuwa kinachofumuka ni dhahabu, iliyochomoza kutoka ardhini. Tunakubali. Lakini hapo neno litakuwa limetaja dhahabu na kuwaacha watu, na rashi bila watu si rashi. Dhahabu inaweza kuonekana na kampuni ikaizungushia uzio siku hiyo hiyo: hapo dhahabu imefumuka, na rashi haikutokea.

Dosari ya tatu ndiyo kubwa. "Mfumuko" wafaa kwa tukio, lakini haufai kwa mahali wala kwa hali. Hatusemi "kijana wangu yuko mfumuko". Wala hatuwezi kusema "hapa bado ni mfumuko" tukamaanisha kuwa mgawo ni wa muda.

Yapo maneno mengine yanayoweza kupendekezwa. "Kinyang'anyiro" lina maana ya ugomvi, nasi twalitumia kwa mataifa ya Ulaya yalivyoligombania bara la Afrika, na kwa wagombea wa uchaguzi. Kumwita kila mchimbaji mnyang'anyi ni kumhukumu kabla ya kumsikiliza. "Mkurupuko" lataja ghafla ya jambo na kulitia upumbavu. "Mmiminiko" ni zuri, nalo linawataja watu, lakini halijasikika machimboni, wala nalo halitaji mahali. "Mbio za dhahabu" litafahamika kwa mwanafunzi wa historia anayesoma juu ya California, na kwa kazi hiyo twalikubali.

Kipingamizi cha sauti

Kuna hoja moja dhidi ya "rashi" ambayo inastahili kujibiwa. Mtu wa pwani akilisikia atakumbuka marashi, na kitenzi kurashia kilicho na maana ya kunyunyizia, na rasharasha ya mvua. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, nayo hayana uhusiano wowote na dhahabu. Je, hatutawachanganya watu?

Sarufi imekwisha kulitatua jambo hilo bila kuagizwa. Wachimbaji wameliweka neno katika ngeli ya i-/zi-: rashi hii, rashi hizi, rashi nyingi. Hakuna asemaye "marashi ya Geita" kwa maana ya machimbo. Maneno mawili yenye sauti moja na asili mbali mbali ni jambo la kawaida katika Kiswahili. Tuna paa la nyumba na paa wa porini, tuna kaa la moto na kaa wa baharini, na hakuna aliyepata kupanda juu ya mnyama akidhani anaezeka.

Wala hatuoni aibu kulipokea neno kwa sababu lilianza kuwa la mitaani. "Karasha" lilipita njia hiyo hiyo, na leo hakuna anayelitafutia mbadala. Huko Mererani wachimbaji wa tanzanaiti waliitwa wanaapolo, kwa jina la vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini, na jina hilo lilikwisha kuwa la Kiswahili kabla mtu yeyote hajaandika barua kuliombea kibali. Tukimfuata yule waziri wa mwaka 1873, tutabaki na majina yenye adabu ambayo wachimbaji hawayatumii.

Kwa nini suala hili ni la sasa

Mwaka 2021 sheria ya nchi ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria za nchi, pamoja na Sheria ya Madini, Sura ya 123, zinahitaji maneno ya Kiswahili yaliyo wazi, na kanuni na matangazo yanayotokana nazo yanahitaji hivyo hivyo. Hapo awali hitilafu ya neno ilifunikwa na Kiingereza: mkuu wa ofisi alikuwa na 'rush' katika jalada, na mchimbaji alikuwa na "rashi" mdomoni, nao walielewana kwa sababu neno lilikuwa moja. Tukiliondoa neno hilo pande zote mbili na kuweka lingine lenye maana finyu zaidi, tutakuwa tumekivunja kivuko kilichokuwapo.

Tufikirie mkutano wa kijiji. Mwenye shamba, mwenye duara na mchimbaji wameketi chini ya mti, na ofisa anasoma masharti ya usimamizi. Kila mmoja ana mifuko yake ya mawe inayotegemea maneno yale. Ikiwa masharti yanasema "mfumuko" tu, mwenye shamba anaweza kuambiwa kuwa mfumuko ulikuwa tukio la mwezi uliopita, na kwamba limekwisha, hivyo haki yake ya mgawo imekwisha nalo. Ikiwa yanasema "rashi", na rashi imefasiriwa kuwa ni pamoja na hali inayoendelea hadi leseni na mipaka vitakapowekwa, hoja hiyo haina mahali pa kusimama.

Pendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwamba "mfumuko" ubakizwe kwa maana ya kuonekana kwa ghafla kwa madini mahali fulani, na kwamba "rashi" likubaliwe kuwa istilahi ya uchimbaji, liandikwe kwa tahajia ya Kiswahili bila alama za mtajo, na lifasiriwe kama ifuatavyo:

rashi nomino [i-/zi-] 1. tukio la watu wengi kumiminika kwa ghafla mahali palipoonekana madini, ili wayachimbe, 2. mahali palipo na uchimbaji wa namna hiyo, pamoja na makazi na biashara zake, 3. hali ya uchimbaji na mgawo wa muda, inayodumu tangu watu walipoanza kuchimba hadi mipaka na leseni za kudumu zitakapowekwa.

Wasomaji walioko Geita, Kahama, Chunya na kwingineko kwenye machimbo wanaombwa waipime fasiri hii, hasa sehemu ya tatu, kwa kuilinganisha na jinsi neno linavyosemwa kwao. Pale ambapo mgawo wa mifuko una majina mengine ya wenyeji, majina hayo nayo yakusanywe na kuletwa, maana kanuni zitakapoandikwa kwa Kiswahili yatahitajika yote.